Makoye Baragumu na Siku ya Fahali

Juzi nilikaa msibani karibu na vijana wawili waliokuwa wakisimuliana habari za Makoye. "Si ndiye yule mzee aliyefanya ng'ombe aletwe shuleni?" mmoja akauliza, na wote wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega. Hasira zilinipanda. Nilitaka kuwaambia wanyamaze, lakini msiba haukuwa wangu. Nimerudi nyumbani, nimetafuta kalamu, na sasa naandika. Kicheko kipo, sikatai, mimi mwenyewe nitacheka humu ndani. Lakini nilikuwepo siku ile, na ng'ombe mwenyewe alikuwa wetu.

Makoye lilikuwa jina lake la kuzaliwa. La kupewa lilikuwa Baragumu. Alipewa Geita, migodini, kabla ya vita, kwa sababu ya sauti yake. Kazi yake ilikuwa kuita watu wa zamu, na alipoita zamu ya asubuhi, hata wale waliotoka kazini usiku na kulala kambi ya pili waliamka wakavaa viatu. Alilipenda jina hilo kupita kiasi. Alirudi nalo kwetu, upande wa Tinde, pamoja na blanketi la kijivu, kofia ya kazi, mke wa Kikurya na Kiswahili. Tatizo lilikuwa moja tu: hakuweza kulitamka. Ukimwuliza anaitwa nani, alisimama wima, akavua kofia, akasema, "Mimi ndiye Makoye Balagumu."

Kwetu hakuna aliyemcheka, maana wote tulisema hivyo hivyo. Msukuma wa siku zile alijaliwa ng'ombe, mtama na herufi L. R aliwaachia wengine. Tulisema habali, tukasema balua, tukapita balabalani, na maisha yakaendelea.

Mkewe, Bhoke, alitoka kwao na ugonjwa wa upande wa pili. Yeye hakuwa na L. Alipika chakura, akawahimiza watoto waende shure, na jua likizama akasema sasa turare. Mle nyumbani mwao kalamu iliitwa karamu na karamu ikaitwa kalamu, na walielewana kuliko watu wengi ninaowajua wenye herufi zote.

Mwaka ninaousema ni 1953. Shule yetu ilikuwa ya Serikali ya Wenyeji, vyumba viwili vya udongo vilivyoezekwa nyasi, darasa la kwanza hadi la nne. Kengele ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mti wa mgunga, na Makoye ndiye aliyekigonga. Alifagia uwanja pia, akafyeka nyasi, akatengeneza pale paa lilipovuja. Lakini kazi aliyoihesabu kuwa kazi ilikuwa mbiu. Mwalimu akiwa na neno kwa wazazi, alimwita Makoye na kumwambia kwa Kiswahili. Makoye alilirudia mara mbili kichwani, kisha jioni akapanda kichuguu kikubwa nyuma ya shule na kulitangaza kwa Kisukuma, halafu akatembea mpaka kichuguu cha pili, ng'ambo ya kijito, na cha tatu karibu na lambo la kunyweshea ng'ombe. Kusoma hakujua hata herufi moja. Alibeba kila kitu kichwani.

"Mwalimu anazungumza na mimi," alipenda kusema, "na mimi nazungumza na nchi."

Na ilikuwa kweli. Wazazi wetu wengi hawakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Mama yangu hakujua hata salamu vizuri. Bila Makoye, shule ingekuwa bubu. Mtoto akikosa siku tatu kwa sababu ya kuchunga au kuchuma pamba, Makoye alimtaja kwa jina juu ya kichuguu, yeye na baba yake na ukoo wake, na kesho yake mtoto yuko darasani. Hiyo ndiyo heshima aliyokuwa nayo. Hakuwa na mifugo ya kutajwa, hakuwa mtoto wa mtemi, lakini alikuwa na Kiswahili.

Mwalimu Mkuu wetu aliitwa Valerian. Alikuwa Mhaya, msomi wa Tabora, kaptula yake imepigwa pasi mpaka ungeweza kukata nyama kwa mkunjo wake. Alikuwa mwalimu mzuri, nasema kweli, ila alipenda mambo yafanyike kwa kishindo. Miaka ya nyuma kufunga shule mwezi wa Desemba kulikuwa jambo dogo: tunaimba wimbo mmoja, tunafagia, tunakwenda zetu kulima. Yeye aliona hiyo ni aibu. Mwaka ule, alisema, tungekuwa na sherehe. Mtemi angealikwa. Kungekuwa na nyimbo, mazoezi ya viungo, vikapu na mikeka tuliyosuka ingetandazwa mezani, na majina ya waliofaulu Darasa la Nne kwenda Middle School yangesomwa mbele ya watu wote. Sherehe yenyewe aliitafutia jina, na jina hilo aliliandika kwenye ubao kwa rangi, akaufunika ubao kwa shuka. Alitaka tulione siku hiyohiyo, akivuta shuka. Mhaya huyo.

Wiki mbili kabla, alimwita Makoye. Maneno aliyomwambia nayajua, kwa sababu baadaye yalirudiwa sana. Alisema: "Waambie wazazi wa Darasa la Nne kwamba siku ya kufunga ni Siku ya Fahari. Kila mzazi aje na fahari yake."

Sasa mlio na masikio ya shule mnasikia "fahari yake" na mnajua mara moja kwamba si mnyama. Mnyama angekuwa "wake". Lakini Makoye alisema ng'ombe yangu, mke yangu, jirani yangu. Kila kitu kwake kilikuwa yangu. Na sikio linasikia kile ambacho ulimi unaweza kusema. Alilirudia neno mara mbili kichwani, kama kawaida yake, na mara zote mbili lilitoka na pembe.

Jioni ile tulikuwa tunapalilia mtama, mayu na mimi. Mayu ndivyo tunavyomwita mama. Sauti ikaja kutoka kwenye kichuguu, safi kabisa, kwa Kisukuma: siku ya kufunga shule ni siku ya nzagamba, siku ya fahali. Kila mzazi wa Darasa la Nne aje na nzagamba wake.

Mayu aliacha jembe likasimama ardhini.

Nieleze nyumba yetu ilivyokuwa. Baba yangu, Mabula, alifariki nikiwa na miaka sita. Ndugu zake walikuja wakachukua ng'ombe, kumi na mmoja, wakamwachia mayu ndama dume mmoja aliyekuwa akiharisha, kwa sababu hakuna aliyetaka kumswaga maiti njiani. Mayu alimlisha uji kwa kibuyu. Alilala naye ndani. Yule ndama akapona, akakua, akawa dume jeusi lenye doa jeupe shingoni, na miaka minne baadaye watu wa ng'ambo ya kijito walikuwa wanaleta majike yao kwetu, wakituletea mtama na maziwa kwa ajili ya kazi yake. Tulikuwa tunakula kwa sababu ya fahali yule. Sisemi kwa mapambo. Tulikuwa tunakula.

Na jambo la pili. Baba yangu mdogo, Mihayo, alikuwa amekwisha kuanza mazungumzo juu yangu na mtu mmoja wa Mwakitolyo mwenye ng'ombe wengi na wake wawili. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mayu alimwambia, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumjibu shemeji yake, kwamba tungoje mtihani. Jina langu likisomwa, naenda shule ya wasichana ya bweni. Lisiposomwa, mazungumzo yaendelee. Mihayo alikubali kwa sababu hakuamini kwamba kuna msichana anayeweza kufaulu. Kwa hiyo siku ile ya kufunga shule, kwa wengine ilikuwa nyimbo na mikeka. Kwangu mimi ilikuwa ama bweni ama Mwakitolyo.

Usiniulize kwa nini watu waliamini kwamba shule inadai fahali. Wakati ule serikali ilikuwa inadai mengi ya ajabu kuhusu ng'ombe: wapunguzwe, wapelekwe mnadani, wahesabiwe. Fahali wa shule hakumshangaza mtu yeyote. Waliudhika tu. Siku zile mbili tatu zilizofuata, nilisikia wazazi wakisema kwamba kama cheti bei yake ni fahali, basi shule ikae na cheti chake. Mimi mwenyewe niliamini. Mwalimu Valerian alitufundisha R kwa fimbo, darasa zima, rangi, barua, rudi, lakini neno fahari hakuwahi kulifundisha. Alikuwa analiweka chini ya shuka.

"Mayu," nilimwambia, "tusiende naye. Nitaolewa tu."

"Nyamaza," akasema. "Kalete kamba tuijaribu."

Siku yenyewe iliamka na mawingu, mvua ilikuwa imenyesha jana yake. Tulipofika uwanjani nilishtuka. Viti vilikuwa vimepangwa, mikeka imetandikwa, vijana wa darasa la tatu wamevaa vibwaya vya kuchezea ngoma, Mtemi amekwisha fika na wazee wake na amekaa kivulini mwa paa. Lakini wazazi hawakuwepo. Darasa la Nne tulikuwa kumi na tisa, na waliokuja walikuwa baba wawili, bibi mmoja, na mayu. Wale watatu walikuja mikono mitupu na walikaa nyuma kabisa kwa aibu. Mayu peke yake ndiye aliyeingia uwanjani na fahali, amejifunga kaniki mpya, kamba mkononi, hatazami huku wala huku.

Watoto walipiga kelele za furaha. Mwalimu Valerian alibaki mdomo wazi. Alikuwa amekwisha kuumia moyo kwa ajili ya viti vitupu, unaona usoni, na sasa anaona mjane anamletea fahali. Alimwendea kwa haraka, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema maneno mengi ya Kiswahili ambayo mayu hakuelewa hata moja. Mayu alimpa kamba. Mwalimu akaipokea, akaenda kuikabidhi kwa Mtemi.

Mtemi alimtazama fahali, akatabasamu. Alisema mwanamke huyu amewaaibisha wanaume wa nchi nzima. Alimwita askari wake, akamwambia baada ya hotuba amchinje, wageni wale nyama na watoto waonje.

Nikamtazama mayu. Alikuwa amesimama wima kabisa. Machozi hayakuwepo, lakini mkono wake ulikuwa bado umekunjwa kwa umbo la kamba.

Mwalimu Valerian akapanda juu ya kisanduku. Akashukuru, akasalimu, akazungumza juu ya mwaka. Kisha akashika ncha ya shuka na kuivuta. Ubaoni, kwa rangi nyekundu, kulikuwa kumeandikwa: SIKU YA FAHARI.

"Fahari," akasema, "ndilo neno la leo. Fahari ni kule kujivunia kitu chema. Mzazi aliyemlea mtoto mpaka akafaulu ana fahari. Ndiyo maana niliagiza kila mzazi aje na fahari yake, yaani aje kifua mbele, aje akijivunia mtoto wake!"

Nilisoma ubao. Nikausoma tena. F, A, H, A, R, I. R, si L. Nilijua palepale kilichotokea, chote, kuanzia kichuguuni mpaka kwenye kamba, na sikusema kitu. Hilo nalisema wazi, maana ndiyo sababu ya kuandika haya. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, Mtemi alikuwepo, mwalimu alikuwepo na fimbo yake, na majina yalikuwa bado hayajasomwa. Nilisema moyoni, nikifungua mdomo watanikata jina. Fahali wetu alikuwa anakwenda kuchinjwa na mimi nilikuwa nasimama mstarini, mikono nyuma.

Askari alikuwa amekwisha kumfunga kwenye mgunga, hatua chache kutoka kwenye kengele. Na penye kengele alikuwa amesimama Makoye, kofia yake ya mgodini kichwani, nondo ya kugongea mkononi. Nilimwona akisikiliza. Midomo yake ilikuwa inatembea polepole. Alikuwa anayarudia maneno ya mwalimu kichwani, kama kawaida yake: kujivunia, kifua mbele. Kisha akamgeukia fahali. Kisha viti vitupu. Kisha mayu.

Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Mimi nilijua, lakini nilikuwa nimenyamaza tayari. Mtemi angekula, mwalimu angefurahi, mayu angesifiwa mwaka mzima kwa ukarimu asiokuwa nao. Na Makoye angebaki mtu wa Kiswahili. Hiyo kofia na hilo jina na hicho kichuguu ndivyo alivyokuwa navyo duniani.

Aliigonga reli mara moja. Wote tukageuka.

"Mtemi," akasema, akavua kofia, "naomba luhusa. Kuna kosa, na kosa ni yangu mimi Makoye. Huyu mama hakuleta zawadi. Ameleta kwa sababu mimi nilimwambia. Mwalimu hakusema fahali. Mwalimu alisema fahali."

Mwalimu Valerian akashuka kisandukuni.

"Umesema nini?" Mwalimu Valerian akauliza.

"Hukusema fahali," Makoye akasema, sasa kwa sauti ya mgodini. "Ulisema fahali! Mimi nikasikia fahali, nikawaambia watu fahali. Si fahali ya pembe. Ni fahali! Fahali ya moyo!"

Kicheko kilianzia kwa vijana wa vibwaya, kikawapata wazee wa Mtemi, kikampata askari aliyeshika kisu, akainama akashika magoti. Makoye alisubiri kipungue, akajaribu tena. Alivuta pumzi, alikaza shingo, akakunja ulimi mpaka mishipa ikamtoka. "Fa-ha..." akasema, na tuliona jinsi alivyokuwa anaitafuta ile herufi mdomoni mwake mzima, "...li." Watu wakaanguka chini. Jasho lilikuwa linamtiririka. Hakukimbia. Alikuwa mtu mzima, sauti kubwa kuliko zote nchini, anachekwa na watoto anaowapigia kengele, na alikuwa anarudia neno lilelile kwa mara ya tano kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kumwokoa fahali wa mjane.

Kitu kilinisukuma. Sijui ni nini. Naona ni aibu tu. Nilitoka mstarini, nikaenda ubaoni, nikaweka kidole juu ya R.

"Fahari," nikasema. "Baba Makoye anataka kusema fahari. Mwalimu alisema fahari yenye R, yeye akasikia fahali yenye L. Kwa hiyo juu ya kichuguu alitangaza nzagamba. Kila mzazi aje na nzagamba. Ndiyo maana wazazi hawakuja."

Kicheko kilikufa. Mwalimu Valerian alitazama viti vitupu, kimoja kimoja. Kisha alimwomba Makoye amwulize mayu kama ni kweli. Makoye akamwuliza kwa Kisukuma, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo.

"Niliambiwa nije na fahali, nikaja naye," mayu akajibu. "Ningeambiwa nije na nyumba ningeibomoa. Semeni tu, jina la mtoto wangu mnalisoma au hamlisomi?"

Makoye akalitafsiri hilo kwa Kiswahili, neno kwa neno, na mwishoni akashindwa, akafuta uso kwa kofia.

Sasa kulikuwa na jambo zito, nalo lilikuwa Mtemi. Kitu kilichopokelewa na Mtemi mbele ya watu hakirudishwi hivi hivi. Wazee wake walikuwa wamekwisha kukunja nyuso. Mtemi mwenyewe aligeuka akautazama ubao. Halafu akasimama na kusema kwa Kisukuma kwamba mwalimu amemwalika aje kuona kujivunia, naye amekwisha kuona, kwa hiyo mfungueni ng'ombe wa watu. Wengi walimsifu kwa busara yake. Mimi nadhani alisema kwa Kisukuma kwa sababu aliliogopa lile neno. Alikuwa Msukuma kama sisi.

Mwalimu Valerian alifanya jambo ambalo kwa Mhaya ni gumu. Alisema mbele ya wote kwamba kosa ni lake, kwamba aliwatafutia watu neno la kujionyesha wakati "njooni mfurahi" lingetosha. Sijawahi kumsikia tena akikiri kosa, lakini siku hiyo alikiri. Kisha akamgeukia Makoye. Nadhani Makoye alidhani anafukuzwa, kwa sababu aliinama na kuiweka ile nondo chini, taratibu, kwenye majani.

"Okota," mwalimu akasema. "Nenda kichuguuni ukawaite upya. Waambie waje mikono mitupu. Waambie hatuanzi mpaka wafike."

Makoye alipanda kichuguu saa tano za asubuhi, kinyume cha desturi zote za mbiu. Nimesikia redio nyingi maishani na nimesikia vipaza sauti vya mikutano ya siasa. Sijasikia tena sauti kama ile. Aliita kwa Kisukuma, lugha ambayo haikuwa na cha kumtega, akawataja wote kumi na watano, baba na ukoo, akawaambia ulimi wa Makoye umewadanganya, njooni, shule haitaki ng'ombe, shule inataka nyie. Akakimbia kwenda kichuguu cha pili. Akakimbia cha tatu. Nusu saa baadaye wa kwanza wakaanza kutokeza, majembe bado begani, matope magotini. Mama mmoja alikuja na kuku chini ya kwapa, kwa tahadhari, endapo tangazo lingebadilika tena. Kufikia saa nane uwanja ulijaa, vigelegele vilisikika mpaka lambo, na Bhoke na wanawake wenzake walikuwa wamepika mtama na kunde kwa kila sufuria iliyoweza kupatikana. "Reo ni karamu kweri," Bhoke akasema, na kwa mara ya kwanza alikuwa amelipata neno sahihi.

Majina yakasomwa. Yalikuwa matatu. La tatu lilikuwa langu, "Paskazia Mabula", na mayu, ambaye hakuelewa kitu kingine chochote kwenye hotuba ile, aliyaelewa hayo mawili. Hakupiga kigelegele. Alikaa chini, palepale alipokuwa amesimama, akamshika fahali wake mguu wa mbele, akalia kwa sauti. Baba mdogo Mihayo alikuwa amefika na wale wa mwisho. Alikohoa, akaangalia mawingu, akasema mvua inakuja. Mtu wa Mwakitolyo hakutajwa tena nyumbani kwetu.

Jina la dhihaka lilimbakia Makoye, ndiyo. Watoto walimwita Fahali kwa nyuma, na wazazi wao waliita kufunga shule Siku ya Fahali miaka mingi baada ya ubao ule kuliwa na mchwa. Kitu ambacho vijana wa msibani hawakuambiwa ni kilichofuata. Kuanzia kesho yake, kila jioni, Makoye alikaa mbele ya nyumba yake na Bhoke. Bhoke alimshika kidevu kwa mkono mmoja na kumwambia, "Sema rrr." Bhoke alikuwa nazo R za kugawa. Waliopita njiani walidhani wanagombana. Walifanya hivyo mwezi mzima.

Mwezi wa Januari nilisindikizwa mpaka barabarani Tinde kupanda lori. Mayu alibeba sanduku langu la bati. Makoye alikuja amevaa kofia yake na kaptula ambayo nadhani Mwalimu Valerian aliipiga pasi. Lori lilipowashwa alisogea mbele, akavua kofia, akasimama wima.

"Paskazia," akasema. "Kwa heri. Safari njema."

R zote mbili zilikuwepo. Zililia kama anagonga reli. Watu wakashangilia, Bhoke akaruka juu, dereva akapiga honi. Makoye alicheka kwa furaha, na furaha hiyo ikamfanya asahau kujishika ulimi.

"Ukasome kwa bidii," akaendelea, "maana wewe ndiye fahali yetu."

Alijisikia mwenyewe. Furaha ikamtoka usoni, akanitazama kama mtoto anayengoja daftari lirudi. "Nimekosea?" akauliza.

Nimefundisha miaka thelathini na moja. Nimewasahihisha watoto wa Kisukuma R na L mpaka koo likakauka, sijawahi kumwachia hata mmoja. Nilishuka nusu kutoka kwenye lori, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili.

"Hujakosea, baba," nikamwambia. "Ni hivyo hivyo."